Kesi Inapolala: Mahakama za Juu na Ucheleweshaji wa Madai Busia na Malaba

Kesi ya madai huchelewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wenye kesi wenyewe: mdai anafungua shauri kisha ananyamaza, mdaiwa anaomba kuahirisha kila tarehe inapokaribia, wakili anasahau siku ya kuwasilisha hati. Ya pili ni ya mahakama: faili halionekani masjalani, hakimu anahamishwa kabla ya kuandika hukumu, mwenendo wa kesi haujachapwa miezi mingi baada ya rufaa kukatwa. Kwa miongo kadhaa mahakama za juu za Kenya zimejenga kanuni za kukabili hali zote mbili. Kanuni hizo zina uzito wa pekee Busia na Malaba, ambako mdai anaweza kuwa Mkenya, mdaiwa Mganda, na mzigo unaogombewa uko njiani kwenda Kigali au Goma.

Miji yote miwili imo katika Kaunti ya Busia. Madai mengi huanzia kwa hakimu, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inampa hakimu mkuu uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, huku hakimu mkazi akiishia milioni 5. Juu ya mahakimu kuna Mahakama Kuu ya Busia, na kwa migogoro ya ardhi kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Anayetaka kwenda mbele zaidi hukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa, ambayo kwa eneo hili hukaa Kisumu. Mahakama ya Juu iliyoko Nairobi ndiyo kilele. Kila ngazi ina muda wake na adhabu yake kwa anayechelewa.

Msingi wa sheria

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 159(2), inaweka misingi miwili ambayo mara nyingi huvutana. Mmoja unasema haki isicheleweshwe. Mwingine unasema haki itolewe bila kufungwa kupita kiasi na ufundi wa taratibu. Mdaiwa anayetaka kesi iliyolala ifutwe hushika msingi wa kwanza. Mdai aliyechelewa hukimbilia wa pili. Kazi ya majaji ni kuamua upi utangulie katika shauri lililo mbele yao.

Hata kabla ya Katiba hiyo, marekebisho ya 2009 yaliongeza vifungu 1A na 1B katika Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21. Vifungu hivyo vinataja lengo kuu la sheria: kesi iamuliwe kwa haki, kwa haraka, kwa gharama inayolingana na uzito wake na inayobebeka. Wajibu huo si wa mahakama peke yake. Mwenye kesi na wakili wake nao wanatakiwa kuisaidia mahakama kufikia lengo hilo.

Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu zimeonya mara nyingi kwamba Kifungu cha 159 hakikuja kufuta kanuni. Kosa dogo la muundo wa hati linaweza kusamehewa. Muda uliowekwa na sheria ni jambo jingine, kwa sababu upande wa pili umepanga maisha yake kwa kuutegemea. Mfanyabiashara aliyeshinda kesi na siku za rufaa zikapita ana haki ya kuamini kwamba shauri limekwisha.

Mwanzo wa kesi: wito unaovuka mpaka

Ucheleweshaji mwingi mpakani huanza siku ile ile kesi inapofunguliwa. Agizo la 5 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010 linataka wito wa mahakama uchukuliwe ndani ya siku 30 tangu utolewe au tangu mdai ajulishwe kwamba uko tayari. Asipouchukua, kesi inakoma. Wito wenyewe huishi miezi 12. Mahakama inaweza kuuongezea muda mdaiwa akiwa bado hajapatikana, lakini miezi 24 ikipita bila ombi lolote, inaweza kuifuta kesi bila hata kutoa ilani.

Malaba hali hii hutokea kirahisi. Dereva wa trela aliyegonga bodaboda karibu na foleni ya forodha anaweza kuwa Tororo kabla ya jua kutua, na mwenye gari akawa Kampala. Kumpelekea wito nje ya Kenya kunahitaji kwanza ruhusa ya mahakama chini ya Agizo la 5, kanuni ya 21. Mahakama ya Rufaa ilishikilia msimamo huo mwaka 2005 katika shauri la Raytheon Aircraft dhidi ya Air Al-Faraj: mamlaka ya mahakama ya Kenya juu ya mtu aliye nje ya nchi hutokana na ruhusa hiyo. Kwa hiyo mdai anayemtuma mtu avuke daraja na kumkabidhi mdaiwa karatasi mkononi, bila ruhusa, hajaokoa muda. Huenda akapata hukumu ya haraka kwa kuwa mdaiwa hakufika, kisha hukumu hiyo ikatenguliwa miaka kadhaa baadaye na kesi ikarudi mwanzo.

Mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2020 yalipunguza ugumu wa kupeleka wito. Kanuni za 22B na 22C za Agizo hilo zinakubali wito utumwe kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe wa simu, kwa anwani au nambari ya mwisho ambayo mdaiwa anajulikana kuitumia, na aliyetuma atoe hati ya kiapo kuthibitisha. Kwa mawakala wa forodha na wasafirishaji, ambao biashara yao nzima imo kwenye simu, njia hii imeondoa kisingizio cha kutopatikana. Haijaondoa hitaji la ruhusa kwa aliye nje ya Kenya.

Katika kesi za ajali, saa nyingine huanza kwenda papo hapo. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inataka kampuni ya bima ipewe ilani kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baadaye. Aliyejeruhiwa akiipuuza ilani hiyo, anaweza kushinda kesi dhidi ya dereva asiye na mali, kisha akashindwa kuidai kampuni ya bima ilipe.

Kesi iliyolala

Agizo la 17, kanuni ya 2, ndilo chombo kikuu dhidi ya kesi iliyotelekezwa. Mwaka mmoja ukipita bila ombi wala hatua yoyote, mahakama inaweza kuwaita wahusika waeleze kwa nini kesi isifutwe. Mdaiwa naye anaweza kuomba ifutwe. Marekebisho ya 2020 yaliongeza makali: kesi ambayo haijachukuliwa hatua kwa miaka miwili huhesabiwa kuwa imefutwa.

Kipimo kinachotumika hadi leo kilitolewa na Jaji Chesoni katika shauri la Ivita dhidi ya Kyumbu, lililochapishwa katika ripoti za sheria za Kenya za 1984. Swali la kwanza ni kama ucheleweshaji ni wa muda mrefu na hauna udhuru. La pili ni kama haki bado inaweza kutendeka licha ya ucheleweshaji huo. Haki inayotazamwa ni ya pande zote mbili. Kesi ya miaka sita inaweza kunusurika ikiwa ushahidi wake ni hati ambazo bado zipo, kama stakabadhi za forodha na mkataba wa usafirishaji. Kesi ya miaka mitatu inaweza kufutwa ikiwa ilimtegemea shahidi mmoja ambaye sasa amefariki au amehamia nchi nyingine bila kuacha anwani.

Fikra hiyo ina asili pana. Mwaka 1968 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika Allen dhidi ya McAlpine, ilikubali kwamba kesi inaweza kufutwa pale ucheleweshaji usio na udhuru unapoifanya hukumu ya haki isiwezekane. Mahakama za Kenya ziliichukua hoja hiyo, na baadaye Katiba ikaongeza uzito wa haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana majaji wengi husema kwamba kufuta kesi kabla haijasikilizwa ni hatua ya mwisho. Mdai akitoa maelezo yenye ushahidi, mara nyingi hupewa nafasi nyingine pamoja na masharti: apange tarehe ya kusikilizwa ndani ya siku kadhaa, alipe gharama za upande wa pili, na akikosa, kesi ifutwe bila mjadala zaidi.

Hakimu wa Busia akiifuta kesi, mdai anaweza kurudi kwake kuomba irejeshwe, au akakata rufaa Mahakama Kuu. Jaji wa rufaa hana uhuru wa kuweka maoni yake mahali pa yale ya hakimu. Tangu uamuzi wa Mbogo dhidi ya Shah wa 1968, mahakama ya juu huingilia hiari ya mahakama ya chini pale tu ilipopotoka katika sheria, ilipozingatia jambo lisilohusika au kuacha linalohusika, au ilipofikia uamuzi ulio makosa dhahiri. Kwa sababu hiyo maelezo ya ucheleweshaji yatolewe kwa ukamilifu mbele ya hakimu. Sababu inayotajwa mara ya kwanza mbele ya jaji huwa imechelewa nayo.

Kosa la wakili na mzigo wa mteja

Sababu inayosikika zaidi ni kwamba wakili alikosea. Majaji wa Kenya wameipokea kwa huruma yenye mipaka. Katika mashauri ya miaka ya 1970 na 1980, majaji kama Madan na Apaloo walieleza kwamba makosa ni sehemu ya kazi ya binadamu, na kwamba si kila kosa linastahili kumfungia mtu mlango wa kusikilizwa. Kabla yao, Shah dhidi ya Mbogo ya 1967 ilikuwa imeweka mpaka: hiari ya mahakama humwokoa aliyepatwa na ajali, kupitiwa au kosa la kusameheka. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayekusudia kuzuia au kuchelewesha haki.

Siku hizi mpaka huo umekazwa. Majaji wengi hurudia kwamba kesi ni ya mteja, si ya wakili. Mkulima wa Amukura au mwenye duka wa Malaba aliyemlipa wakili kisha akakaa miaka bila kuuliza ataulizwa alifanya nini mwenyewe. Ushahidi wa kufuatilia, kama barua, ujumbe wa simu au kumbukumbu ya kufika masjalani, humsaidia kuliko lawama. Swali hilo ni zito kwa mtu anayelipa nauli na kupoteza siku ya kazi kila anapokwenda mjini, lakini upande wa pili pia umebeba nauli zake.

Rufaa iliyopitwa na wakati

Kifungu cha 79G cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinampa mtu siku 30 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu. Siku za kuandaa nakala ya hukumu au amri inayokatiwa rufaa hazihesabiwi, mradi mahakama ithibitishe kwa cheti. Rufaa iliyochelewa inaweza kupokewa pakiwa na sababu nzuri na ya kutosha.

Kwa Mahakama ya Rufaa, notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14, na kumbukumbu kamili ya rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Kanuni ya 4 ya mahakama hiyo inaruhusu muda kuongezwa. Uamuzi wa Leo Sila Mutiso, uliotokana na ombi la mwaka 1997, uliorodhesha mambo ya kupima: urefu wa ucheleweshaji, sababu yake, pengine uwezekano wa rufaa kufaulu, na madhara kwa mjibu rufaa. Mwaka 2014, katika shauri la Nicholas Salat dhidi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi. Ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hisani ya mahakama kwa anayestahili, naye ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba anastahili. Maelezo yatosheleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ombi lenyewe liletwe bila kukawia, na madhara kwa upande wa pili yapimwe. Hati iliyowasilishwa nje ya muda kabla ya ruhusa haina uhai wa kisheria.

Somo kwa wakazi wa mpakani ni wazi. Siku tano zenye maelezo zina nguvu kuliko siku mbili zilizopita kimya. Aliyelazwa hospitali alete hati za matibabu. Aliyekuwa akisubiri nakala ya hukumu alete barua ya kuiomba, yenye muhuri wa masjala na tarehe.

Rufaa iliyofunguliwa nayo inaweza kulala. Agizo la 42, kanuni ya 35, linaruhusu ifutwe ikiwa miezi mitatu imepita tangu jaji atoe maelekezo na mrufani hajaipanga kusikilizwa, au ikiwa mwaka umepita tangu sababu za rufaa zikabidhiwe upande wa pili. Hata hivyo, mara nyingi maelekezo hukwama kwa kuwa mwenendo wa kesi bado haujachapwa katika mahakama ya chini. Hapo jaji mwangalifu huuliza nani hasa amechelewesha. Mrufani aliyeandika kuuomba mwenendo na kuufuatilia hawezi kuadhibiwa kwa kazi ya karani. Aliyewasilisha karatasi moja kisha akatulia, huku amri ya kusimamisha malipo ikimkinga, hana kinga kama hiyo.

Kusimamisha utekelezaji

Ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu ni haki ya mrufani, na pia ni njia kongwe ya kununua muda. Agizo la 42, kanuni ya 6, linadai mambo matatu: mwombaji aonyeshe atapata hasara kubwa asiposaidiwa, awe ameomba bila kuchelewa pasipo sababu, na atoe dhamana. Katika kesi za ajali, mahakama huamuru mara nyingi sehemu ya fidia ilipwe mara moja, na iliyobaki iwekwe katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili. Utaratibu huu una hekima kubwa. Majeruhi aliyevunjika mguu anapata fedha za matibabu, na aliyekata rufaa anajua salio litapatikana akishinda. Pia unamnyima faida anayekata rufaa kwa ajili ya kuchelewesha tu.

Kifo katikati ya kesi ya ardhi

Kesi za ardhi za Teso, Bukhayo, Marachi, Samia na Bunyala huhusu mara nyingi urithi, amana ya kimila au mtu aliyekaa katika shamba kwa zaidi ya miaka 12. Ni kesi za wazee, na wazee hufariki zikiendelea. Agizo la 24 linatoa mwaka mmoja tangu kifo kwa mwakilishi wa kisheria kuingizwa katika kesi. Mwaka ukipita, kesi inakoma yenyewe kwa upande wa marehemu, hata bila amri ya jaji. Mwakilishi huyo lazima awe na hati ya usimamizi wa mirathi, walau hati ya muda kwa ajili ya kesi hiyo pekee. Kuwa mtoto wa kwanza hakutoshi.

Mahakama zinaweza kuongeza muda na kuifufua kesi iliyokoma, kwa hatua zinazofuatana: kwanza muda uongezwe, kisha kesi ifufuliwe, kisha mwakilishi aingizwe. Majaji hutazama ugumu halisi wa familia, kama mvutano kuhusu nani asimamie mirathi. Hata hivyo familia inayoomba hati ya muda mara tu baada ya mazishi hujiepusha na maombi haya yote.

Kufungua katika mahakama isiyo na mamlaka

Miaka mingine hupotea kwa sababu kesi ilianzia mahali pasipofaa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinairuhusu Mahakama Kuu kuhamisha kesi kutoka mahakama moja hadi nyingine, lakini huwezi kuhamisha kitu ambacho kisheria hakipo. Kanuni hiyo ilitamkwa na Mahakama Kuu ya Uganda mwaka 1968 katika Kagenyi dhidi ya Musiramo, na mahakama za Kenya zinaifuata hadi leo. Mdai aliyepeleka dai la milioni 30 kwa hakimu anaweza kulazimika kuanza upya, huku muda wa ukomo ukiwa umepita: miaka mitatu kwa ajali, sita kwa mkataba.

Mahakama inapochelewa yenyewe

Agizo la 21 linataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 baada ya kusikilizwa. Ikichelewa, sababu ziandikwe, nakala ipelekwe kwa Jaji Mkuu, na tarehe nyingine ipangwe mara moja. Kwa kawaida hukumu iliyochelewa haibatiliki kwa sababu hiyo pekee, kwani kuibatilisha kungemwadhibu mshindi asiye na kosa. Mahakama ya rufaa hutazama kama ucheleweshaji ulimfanya hakimu asahau ushahidi au alivyowaona mashahidi.

Mahakama za Madai Madogo, zilizoundwa kwa sheria ya 2016 na kupewa uwezo hadi shilingi milioni moja, zina agizo kali zaidi: kesi iishe ndani ya siku 60. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hukumu iliyotolewa baada ya siku hizo. Baadhi wameiona batili kwa kuwa mamlaka yamekwisha. Wengine wameona kwamba siku hizo ni za kuharakisha kazi, na kwamba kumrudisha mdai mwanzoni kungezaa ucheleweshaji uleule ambao sheria ilitaka kuuondoa. Hoja ya pili inamlinda vizuri zaidi mchuuzi anayedai shilingi elfu hamsini, ambaye hana namna ya kumlazimisha mwamuzi aandike haraka.

Hatua za kiutawala zimeongezwa pia. Upatanishi chini ya mahakama ulianza Nairobi mwaka 2016 na kuenea katika kaunti. Uwasilishaji wa hati kwa mtandao, ulioanza Nairobi Julai 2020, ulipelekwa katika mahakama zote nchini Machi 2024 chini ya Jaji Mkuu Martha Koome. Wakili hahitaji tena kusafiri ili hati ipokewe, na tarehe ya kuwasilishwa hubaki katika mfumo, hivyo ni vigumu kubishania nani alichelewa.

Upande wa pili wa mpaka na Arusha

Mkenya anayedai haki Uganda akumbuke kwamba huko saa ni nyingine. Tangu marekebisho ya 2019, mdai katika kesi nyingi za madai lazima achukue wito wa maelekezo ndani ya siku 28 baada ya jibu la mwisho kuwasilishwa. Asipofanya hivyo, kesi inakoma. Hukumu ya Uganda ya kulipa fedha inaweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya chini ya sheria ya hukumu za kigeni, Sura ya 43, mradi ombi liletwe ndani ya miaka sita tangu hukumu itolewe.

Anayelalamikia hatua ya serikali iliyokiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama mzigo uliozuiwa mpakani kinyume cha sheria, anaweza kwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha. Kifungu cha 30(2) cha Mkataba kinampa miezi miwili tu tangu hatua hiyo ichukuliwe au tangu aijue. Kitengo cha rufaa cha mahakama hiyo, katika mashauri ya IMLU ya 2012 na Omar Awadh ya 2013, kiliamua kwamba hakina uwezo wa kuongeza hata siku moja. Hapo ndipo tofauti na Busia, Kisumu na Nairobi inapoonekana wazi. Majaji wa Kenya watamsikiliza aliyechelewa, watamuuliza sababu na kupima madhara. Arusha mlango hufungwa kwa tarehe, na sababu haziulizwi. Mtu wa mpakani mwenye dai linaloweza kwenda pande zote mbili aanze na saa iliyo fupi zaidi.